Mfyulisi wa Nyuma ya Jiko

Filomena, kaa hapa kulia kwangu, na wewe Asia kushoto, na kama hamtaki kutazamana basi nitazameni mimi. Kasiani, mwanangu, simama mlangoni uwazuie wanaokuja kutoa pole kabla pole haijafika wakati wake. Kaka Dominiko, wewe ndiye mkubwa wa lukolo letu, ukoo wa mama zetu wenye ardhi hii, na ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, basi sogeza kigoda uketi karibu, maana masikio yako nayo yamezeeka, na sitaki kesho useme Bernadeta alisema hivi nami nikasikia vile. Jana Padre alinipaka mafuta akaniambia sasa nitulie. Nimemwitikia kwa heshima, lakini nitatuliaje na bustani yangu ina ugomvi?

Wanangu, mali yangu si nyingi na sehemu kubwa haina maneno. Mbuzi ni wa Kasiani, na yule beberu mkorofi ni wake pia, hata akimkataa. Sufuria kubwa na sanduku la nguo ni vya Filomena, rozari yangu izikwe nami. Shamba la mahindi la ng'ambo ni la lukolo na kaka anajua mipaka yake. Deni ninalo moja tu, kopo la mbegu za figili la jirani yetu Mzee Salehe. Zimo kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya moto, mpelekeeni, na mkimpa mwambieni zile zake zilikuwa na wadudu. Kilichobaki ni bustani ya nyuma ya jiko. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa kuwa tangu masika nyinyi mawifi wawili hamjaamkiana, na mimi nikiondoka hamjapatana, bustani ile itamezwa na magugu kabla ya mwaka kuisha, na watu wa nyumba hii watatawanyika kila mmoja na njia yake. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na huku kwetu kunguru ni ngedere, wamekaa pale msituni wanangoja msiba wangu wagawane njegere.

Bustani ile niliikuta kwa mama yangu, naye alipanda mnavu na maboga tu, basi. Kabichi nililileta mimi, msichana mdogo, miche niliyopewa na masista wa misheni niliyokuwa nikiwafagilia uwanja. Kaka anakumbuka, ndiyo maana anacheka. Tulimwagilia, tukapalilia, likaja likajifunga, nasi tukasikitika, tukasema mboga hii ya kizungu imeshindwa kufunguka. Tukachuma yale majani magumu ya nje, mama akayapika tangu asubuhi hadi jua kugeuka, tukala huku taya zinauma, na kile kichwa kizuri cheupe tukampa mbuzi. Mbuzi wetu ndiye wa kwanza katika kijiji hiki kula kabichi vizuri. Sista alipouliza tumelionaje, mama akamwambia kwa adabu kwamba ni mboga ya wenye meno.

Tangu hapo bustani ilinishika. Hakuna raha ninayoijua inayoshinda kutoka asubuhi ukungu haujapanda mlimani, ukakuta jana palikuwa na udongo mtupu na leo mchicha umechungulia, wote kwa pamoja, kama umepigiwa kengele. Nilikuwa naona haya kufurahi peke yangu, nikawa namwamsha marehemu baba yenu aje aone, naye anakuja na blanketi begani, anatazama, anasema ndiyo, umeota, anarudi kulala. Hakupenda kulima mboga yule mtu, ila kula alijua.

Na karaha zake nazo nimezila zote. Kuku wa Salehe wanaijua bustani yangu kuliko wanavyolijua banda lao. Viwavi ukiwamwagia majivu leo, kesho wamerudi wamenawa uso. Nyanya zinapendeza mpaka siku ya kuchuma, halafu zinaoza kitako. Na wewe Kasiani, usidhani nimesahau, ulipokuwa mtoto ulikuwa unang'oa karoti kutazama kama zimekua, ukiona bado unazirudisha ardhini na kuzishindilia, mimi nashangaa mwaka mzima kwa nini karoti zangu zinakufa zikiwa wima. Subira huvuta heri, nilikuimbia, wewe ukawa unavuta karoti.

Lakini sikilizeni hili la kitalu, maana ndilo lililonifundisha ninachotaka kuwaambia. Mwaka mmoja nilisia mbegu za kabichi kwenye kitalu cha pale juu, miche ikaja safi, na kabla sijaihamisha ikanyesha mvua ya masika ile isiyo na huruma. Asubuhi nikakuta kitalu hakipo. Si miche tu, kitalu chenyewe na udongo wake kimeteremka mlima, kimevuka mfereji, kimekwenda kulala kwenye shamba la Salehe, na huko kikaendelea kuota bila hata aibu. Salehe akaihamisha miche, akaitilia samadi, akashukuru Mungu wake. Mimi nikashuka na kikapu kuchuma kabichi zangu, naye akanipokea na panga la kukatia majani ya mgomba, tukagombana mpaka sauti zikafika Mkuyuni sokoni. Tukaja kwako, kaka, wewe balozi, nami moyoni nilijua ndugu yangu hawezi kuniangusha. Ukaniangusha. Ulisema ardhi ina mwenyewe, na kilichopandwa kina mwenyewe, na wenye busara hawamuui mmoja ili mwingine ale, kwa hiyo wagawane nusu kwa nusu na wapeane mkono. Nilikuchukia mwezi mzima. Kisha nikaona kabichi za nusu yangu ni kubwa kuliko zote nilizowahi kuvuna, kwa sababu ya samadi ya Salehe, na chuki ikakosa pa kukaa. Wagombanao ndio wapatanao. Tangu siku ile Salehe na mimi tunatukanana kwa upendo.

Sasa nakuja kwako, Asia. Kasiani alikuleta kutoka Mikese mwaka ule wa njaa, wakati redio inasema kilimo cha kufa na kupona na duka la kijiji lina unga wa yanga tu, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Watu walininong'oneza, mwanao ameoa mtu wa tambarare, mtu wa barabarani, tena Mwislamu, atakaa mlimani huyu? Nami nikasema ngoja nitazame. Siku ya kwanza ulipanda spinachi kwa mistari inayoshuka na mteremko, mvua ikaja ikaipanga upya chini kabisa. Hukulia. Ulicheka, ukauliza, mama, huku mnapandaje? Hapo nikakupenda. Kasiani akarudi kwenye kazi yake ya kiwandani Mzinga, mwisho wa juma anakuja, mwisho wa juma mwingine haji, na sisi wawili tukabaki. Asubuhi za zamu tulishuka shamba la kijiji kama wenzetu, jioni tukapanda bustanini, wewe unafunga Ramadhani, mimi Kwaresima, na mchicha haukuuliza nani anamwagilia. Mwaka ule wa njaa ni bustani ile iliyotufikisha, sisi na jirani wasio na kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, nami nikapona kweli. Mkono wako una baraka, mwanangu, nakuambia mbele ya watu ili usiseme mkwe wako alikufa hajakusifu.

Na wewe, Filomena, binti yangu wa kwanza, usinune. Ardhi ni yako. Kwetu Waluguru ardhi inapita kwa mama kwenda kwa binti, nami niliipata hivyo, na sina uwezo wala nia ya kuigeuza njia hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotulinda wanawake wa nyumba hii tusifukuzwe na mume wala serikali. Lakini wewe unakaa Morogoro mjini, unakuja Pasaka na Krismasi, na hata ukija unaingia bustanini na viatu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala jembe la mjini halipalilii mlimani. Hilo nalo unalijua, maana ni wewe uliyeniambia tangu utotoni kwamba udongo unakuharibia kucha.

Kisa chenu nakijua chote, ingawa kila mmoja alikuja kunisimulia nusu yake. Asia alipewa mche wa mfyulisi, ule watu wa mjini wanaouita mpichi, na watu wa mlima wa juu, akaupanda kwenye kona ya bustani, akidhani utatupa matunda na kukitilia kitalu kivuli jua la kiangazi likiwa kali. Hakujua. Kwao hakuna aliyemwambia kwamba huku kwetu aliyepewa ardhi kulima hulima mchicha, hulima maharage, hulima chochote kinachokwisha na msimu, lakini hapandi mti, kwa kuwa mti unakaa, na aliyepanda mti amesema ardhi hii ni yangu mimi na watoto wangu. Nami nililiona shimo lile nikadhani ni la mbolea. Filomena ukaja Pasaka, ukaukuta, ukaona umenyang'anywa urithi ungali hai, ukaung'oa mbele ya macho yake na kuutupa njiani. Sheria ilikuwa yako, mwanangu, na ungeniuliza ningekuambia hivyo. Ila kumng'olea mtu mche mbele yake kunauma, mimi mwenyewe kunaniuma mpaka leo, na ninyi wawili mmekaa na uchungu ule kana kwamba ni chakula.

Basi Asia, ule mche uliouokota njiani ukauficha nyuma ya zizi ndani ya debe bovu, ukadhani mama amelala haoni, ninaujua. Nilipokuwa na nguvu nilikuwa naumwagilia wewe ukienda zamu. Umetoa majani mapya.

Wosia wangu ni huu, na kaka Dominiko awe shahidi. Bustani ni ya Filomena na ya binti zake baada yake. Mboga ni za Asia, alime mpaka jembe limchoke, asifukuzwe na mtu, na kila mavuno ampelekee mwenye ardhi kikapu, kama desturi inavyotaka, na Filomena kikapu hicho akipokee kwa mikono miwili na amkaribishe mwenzake kula, asimwache mlangoni. Na mti ule haupandwi na Asia. Utapandwa na Filomena, kwa mkono wake mwenyewe, pale pale kwenye ile kona, uwe mti wa lukolo, na chini yake Asia asie kitalu chake, na watoto wa nyumba zote mbili wale mafyulisi bila kuulizana mama zao ni nani. Kaka, unaona ubaya wowote? Huoni. Huu ndio wosia, ukumbuke vizuri.

Lakini sitaki mniitikie ndiyo mama, ndiyo mama, kisha mkanizike na debe likabaki nyuma ya zizi. Ninyi nawajua, nimemzaa mmoja na nimemlea mwingine. Inukeni. Nendeni sasa hivi, ningali nasikia. Filomena, vua viatu hivyo. Jembe liko nyuma ya mlango. Asia, kachukue debe, na uchote maji mferejini, leo ni zamu yetu ya maji. Nendeni.

Kasiani, njoo ukae hapa walipotoka. Nipe maji kidogo. Inatosha.

Wamefika? Fungua dirisha vizuri. Ndiyo, hilo ni jembe. Mtu wa mjini, sikia anavyolipiga, kama anaua nyoka. Mwambie, si hapo. Filomena, si hapo, hapo kuna karoti. Mwambie kwa nguvu, sauti yangu haifiki. Aende kulia. Hapo.

Wanasema nini? Asia anamwonyesha namna ya kushika mpini. Naye anakubali? Haya.

Kaka, mkono wako. Hapana, siogopi, nimechoka tu, kama mtu aliyetoka kupalilia. Nisaidie kugeuka nisikie upande ule. Kasiani, wewe na beberu wako, uwe unakuja nyumbani kila mwisho wa juma, mkeo si jogoo wa kulinda boma peke yake. Mungu aliyenipa mlima wenye maji akubariki, akupe watoto, akupe meno ya kulia kabichi. Na wao pia. Wabariki kwa mdomo wangu. Waambie mama amesema mikono yenu ishike kitu kikaote, na mgombane kidogo tu, msije mkazoeana vibaya.

Nani anacheka? Ni Filomena huyo. Na yule mwingine pia.

Usiwaite, Kasiani. Waache wamalize. Mwanangu, mtu haitwi wakati mche uko mkononi, mizizi inakauka. Wakimaliza waje wanione. Waambie tu leo wautilie maji mengi, na kesho asubuhi tena, na wasi... wasimwagilie mchana.