Mhandisi Thuranira na Mnara Uliohama Kilele

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mhandisi Thuranira Kobia atarudisha kofia yake ya kazi stoo, baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia Kampuni ya Umeme wa Milima. Mtunza stoo ananiambia kofia yenyewe haifai kurudishwa. Ina nyufa mbili, na jina la mwenyewe limeandikwa juu yake kwa rangi ya kucha ya mkewe. Nimemshauri aipokee kwa heshima zote, halafu amrudishie aende nayo nyumbani.

Alijiunga nasi mwaka 1994 akiwa kijana mwembamba kutoka upande wa Mikinduri, akapelekwa Embu, kwenye mtambo wetu mdogo wa maji karibu na Runyenjes. Sisi Waembu tulimlisha, tukamfundisha lugha yetu, na mpaka leo anaizungumza vibaya kwa kujiamini kabisa. Huko ndiko alikoanza tabia yake ya kutembea mfereji mzima wa mtambo kwa miguu kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, gari la ofisi likimfuata nyuma na dereva akipiga miayo. Tulimcheka sana. Kisha siku moja akakuta ukuta wa mfereji umeoza chini ya majani, mahali ambapo mtu aliye ndani ya gari asingeona kitu, na kiwanda cha chai kilichotegemea umeme wetu kikaponea hapo. Tangu siku hiyo tunatembea wote, tukinung'unika.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ni mitambo ya upepo ya kilima cha Ntirutu, kule kwao Tigania, na hasa mnara wa nne.

Juu ya Ntirutu kuna mabaki ya kambi ya homugadi, wale walinzi Waafrika waliowekwa na mkoloni kupambana na wapiganaji wa msituni wakati wa hali ya hatari ya miaka ya hamsini. Kumebaki msingi wa mawe wa mnara wa kuangalilia na handaki lililouzunguka, ambalo wanakijiji walilazimishwa kulichimba kisha wakachomeka humo vijiti vilivyochongwa ncha. Siku hizi limeota majani ya ng'ombe. Aliyechagua pale alitaka mahali pa kuona mbali, na upepo nao unapenda papo hapo. Vipimo vyetu vilisema wazi kwamba mnara wa nne usimame kileleni, juu ya kambi.

Hakuna aliyepinga, na hilo ndilo lililonishangaza. Kwenye kikao cha kutoa maoni, familia za wanakijiji waliofungwa pale na walinzi hao zilitaka shimo lizikwe wasilione tena. Familia za waliokuwa walinzi zilitaka lizikwe lisionwe na mtu mwingine. Kampuni ilitaka kilele. Ni mara chache sana kijiji kizima na mwekezaji kukubaliana kabla ya chai kuletwa.

Ndipo Mhandisi, ambaye ramani ya mnara ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, akasimama na kuomba usijengwe pale. Alisema babu yake alikuwa homugadi wa kambi ile. Alisema nyumbani kwao jambo hilo halikuwahi kutajwa mezani, na kwamba yeye alilijua kwa kunyamaziwa tu. Kama kampuni yake ingemwaga zege juu ya handaki lile, alisema, ingekuwa yeye ndiye aliyeificha aibu ya babu yake kwa pesa za umeme, na wajukuu wa waliochimba wasingekuwa na mahali pa kunyooshea kidole. Wengi wetu tuliofanya naye kazi miaka mingi tulikuwa tunasikia kwa mara ya kwanza, na sitasahau jinsi watu wawili waliokaa karibu naye walivyosogeza viti.

Meneja wa wakati huo alimpa nafasi moja. Atafute mahali pengine penye upepo wa kutosha, la sivyo mnara ujengwe kileleni na yeye atafute kazi. Palikuwepo mahali pamoja tu, bega la kilima upande wa mashariki, shamba la Mzee Murungi. Baba yake Mzee Murungi alifungwa katika kambi ile, na alitoka humo akiwa hawezi kunyoosha mkono. Kwa hiyo mjukuu wa mlinzi alitakiwa aende kumwomba mtoto wa mfungwa atoe shamba, ili kuokoa mahali ambapo mtoto huyo alikuwa ameomba pazikwe.

Meneja alijaribu kwanza mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba kwa Wameru mtu haendi kwa mzee mikono mitupu, akapita soko la Kangeta na kununua ncooro, kile kifungu cha miraa bora ya kutafuna kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Hakuna aliyemwambia kwamba kifungu hicho hutangulia ombi zito la ukoo kwa ukoo, na kwanza kabisa la kuposa. Mzee Murungi alimtazama yeye na suti yake, akamjibu kwa upole, "Binti zangu wote waliolewa. Amebaki mjukuu, lakini huyo ako kidato cha pili." Meneja alirudi Meru bila shamba na bila mke. Amehama siku hizi, na tumemsamehe.

Mhandisi alienda baadaye akiwa na kaka yake mkubwa, kama inavyotakiwa, na ncooro iliyokatwa kwenye miti mikongwe iliyopandwa na babu yake yuleyule. Hakuficha ilikotoka. Mzee alikipokea kifungu, akakiweka mezani bila kukifungua, akawaagiza chai. Kifungu kisipofunguliwa, ombi halijakubaliwa, na miraa haingoji mtu. Ikakauka. Siku ya soko iliyofuata Mhandisi akapeleka kingine, kikakauka. Akapeleka kingine. Huku ofisini wengine walishaanza kupigia hesabu kiti chake, na mkewe, Mama Gatwiri, alinieleza kwamba hali chakula, anatafuna kalamu tu.

Asubuhi moja tulikuwa kilimani tukipima barabara. Mzee Murungi akaja akipanda taratibu na fimbo yake, shavu moja limevimba. Alikuwa anatafuna. Mhandisi aliona shavu lile kabla hajasikia salamu, akakaa chini palepale kwenye nyasi, mtu mzima, akajifunika uso kwa ile kofia. Mzee akasimama mbele yake. "Mimi nilikuwa nataka hiyo shimo izikwe kwa sababu nilidhani ni nyinyi watu wa homugadi mtakuja kuizika na mcheke," akasema. "Sasa kama ni wewe unakataa, wacha ikae. Jenga kwangu. Lakini barabara isipite kwa kahawa yangu." Haikupita.

Mnara wa nne ulijengwa begani. Katika ripoti za kila mwezi huwa wa mwisho kwa umeme, na katika kila mkutano huwa kuna mtu wa hesabu anayeuliza kwa nini. Nimekuwa nikijiuliza hilo mwenyewe, maana mimi pia nauamini umeme safi, na najua kijiji kilichokaa gizani hakishibi historia. Najua tu kwamba siku za shule kufunguliwa walimu huleta watoto kileleni, wanasimama ukingoni mwa handaki huku mapanga ya mnara wa nne yakizunguka chini yao kidogo, na wanauliza maswali yanayowatoa walimu jasho. Kwenye kibao cha pale yapo majina ya waliofungwa na ya waliowalinda. Jina la babu yake Mhandisi lilichorwa kwa ombi lake mwenyewe.

Ametufundisha mengi: kutembea kabla ya kutia sahihi, kusikiliza kikao ambacho hakina mpinzani kwa masikio mawili, na kunywa chai ya kambi ya mafundi isiyo na sukari. Kwa niaba ya wenzako wote wa Meru na Embu, asante, Mhandisi.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika ratiba uliyopewa. Ukilisoma hapa kabla ya wakati, tafadhali jifanye hujui. Baada ya chakula cha kukuaga siku ya Ijumaa, Mzee Murungi atasimama akiwa na ncooro iliyokatwa shambani kwake. Anakuja kuomba. Kijiji kinatafuta mtu wa kuitunza kambi ile, kuishi karibu nayo na kuwaeleza wageni, na wazee wamekubaliana kwamba mlinzi wake awe wewe.

Nenda salama, Mhandisi, na uishi miaka mingi yenye upepo mzuri. Kifungu kikifika mikononi mwako, usikiache kikauke.

Wawira, Idara ya Mitambo, Embu