Mama Tanbihi na Neno Alilolirudisha kwa Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi mliofika, tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Agosti 1949, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mpanga herufi kiwandani hapo, na mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Kabla hajaanza shule alishinda chini ya meza ya baba yake akiokota herufi za risasi zilizodondoka. Kwa kuwa herufi za chapa huwa kinyume, kama sura kiooni, kusoma kwake kwa kwanza kulikuwa kwa kinyume. Wiki ya kwanza ya shule mwalimu alimwita baba yake kumweleza, kwa masikitiko, kwamba mtoto ni mzito. Baba akaomba kioo, akakisimamisha mbele ya kitabu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1967. Alipata cheti cha ualimu mwaka 1969, akafundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka minne na nusu. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha theolojia. Darasa lilikuwa na watu arobaini na mmoja, wanawake wawili. Chuo hakikuwa na choo cha wanawake, kwa hiyo yeye na mwenzake walikuwa wakitembea hadi zahanati, dakika saba kwenda na saba kurudi, na waliporudi somo lilikuwa limeshasonga mbele. Mwalimu wa mahubiri alimwuliza siku moja mbele ya wote, "Binti, ukishamaliza utahubiri wapi wewe?" Akajibu, "Popote penye masikio, Baba." Alimaliza mwaka 1977 akiwa wa pili, akapata shahada ya uzamili mwaka 1982 na ya udaktari mwaka 1991.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi saa mwenye kibanda mkabala na posta. Bwana harusi alichelewa kanisani dakika ishirini na tano. Tangu siku hiyo marehemu aliwaambia wageni wote, "Nimeolewa na mtu mwenye saa arobaini ukutani, zote za wateja." Fundi naye alijibu kila mara, "Na yeye ana vitabu mia tisa, hakuna hata kimoja cha mapishi." Waliishi kwa utani huo miaka arobaini na moja. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Kazi yake ilikuwa kufundisha Maandiko chuoni hapohapo aliposoma, kuanzia Julai 1982. Alitaka wanawake waliomo humo wasomwe kama watu wenye akili na nia, si kama mapambo ya hadithi za wanaume. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Walikuwepo wachungaji waliotoka nje akianza kusema. Kilichomfungulia milango ni makala yake ya mwaka 1984, "Miguu Iliyosimama," iliyosomwa katika vyuo vingi na kufasiriwa katika lugha nne. Inahusu yule mama aliyepinda mgongo miaka kumi na minane, ambaye Bwana alimwona katika nyumba ya ibada, akamwita na kumnyoosha. Makala ilisema kwamba mtu aliyeinama hivyo haoni sura za watu, anaona miguu. Miguu ya wakubwa ilimpita miaka yote, na siku hiyo jozi moja ikasimama.

Familia imeona vema jambo linalofuata lisomwe hapa kwa ukamilifu, kwa sababu marehemu mwenyewe aliliandika hivyo na kuagiza lisipunguzwe.

Wazo lile halikuwa lake. Alipewa asubuhi ya mvua, Machi 1983, na mama aliyekuwa akipiga deki ukumbini mwa chuo, ambaye wanafunzi walimwita Mama Ndoo. Marehemu alifika mlangoni na viatu vya tope, akasimama.

"Pita tu, Mwalimu, nitarudia," Mama Ndoo alimwambia akiwa amepiga magoti.

"Hapana, malizia. Nangoja."

"Haya, ngoja. Wewe ni wa pili mwaka huu."

"Wa pili kwa lipi?"

"Kusimama. Wengine wanapita na tope lao. Mimi hapa chini watu siwajui kwa sura, nawajua kwa viatu. Hata yule mama aliyepinda mgongo, unafikiri alimjuaje Bwana? Alimjua kwa miguu. Yote ilipita, ile ikasimama."

Marehemu aliandika maneno hayo siku ileile katika daftari lake. Mwaka uliofuata yakatoka katika makala, yakianza na neno "Nilipotafakari." Mama Ndoo hakutajwa. Marehemu hakuwahi kusema kwamba alisahau. Alisema alijiambia kuwa mazungumzo ya mlangoni si marejeo ya kitaalamu, na akaliamini hilo kwa miaka kumi na mitano.

Jumatano, tarehe 11 Machi 1998, mwanafunzi mmoja alikuwa akiisoma makala ile kwa sauti darasani. Mama Ndoo alikuwa nje anafuta vioo. Kitambaa kikaacha kusugua. Kipindi kilipokwisha alimngoja marehemu koridoni.

"Mwalimu, yale maneno nayajua."

"Ndiyo, Mama. Ni yako."

"Ahaa. Nilidhani siku hizi wanayasema wote." Akabeba ndoo yake, akaenda.

Marehemu alirudi nyumbani akakaa mezani bila kuvua koti. Fundi saa alimwuliza kuna nini. Alisema, "Miaka yote nawasema wanaume kwa kunyamazisha wanawake. Leo nimemkuta mmoja niliyemnyamazisha mwenyewe, na bado ananiamkia kila asubuhi."

Ombi lake la uprofesa lilikuwa limebakiza kikao kimoja, na makala ile ndiyo ilikuwa nguzo yake. Alikwenda kwa mkuu wa chuo, mtu aliyemtakia mema, akamweleza kwamba anataka kusahihisha hadharani. Mkuu akamsihi.

"Dokta, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, Mkuu. Lakini yanapigwa deki."

"Fikiria wanaokuja nyuma yako. Wako watu wanangoja neno kama hili. Watasema elimu yote ya hawa akina mama ni ya kuazima. Utawafungia mlango mabinti ulioufungua wewe."

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. La uprofesa hakulihangaikia sana. Alikaa nalo wiki tatu. Mwishowe alimjibu Mkuu kwa barua ya mistari miwili: mlango uliofunguliwa kwa ufunguo wa mtu bila ruhusa yake, kuufunga ni haki yake, na tungoje tuone kama mwenye ufunguo ataufunga. Aliondoa ombi lake la uprofesa. Mhariri wa jarida lililoitoa makala alikataa kuchapa masahihisho, kwa hiyo aliyalipia mwenyewe katika toleo la pili la kitabu chake chenye makala ile, sasa ikiwa na waandishi wawili.

Kabla ya kulichapa alikwenda nyumbani kwa Mama Ndoo, Jumamosi, apate idhini yake. Mama Ndoo, ambaye kusoma kulikuwa kunampa shida, alimwambia amsomee yote, toka mwanzo.

"Mbona hukuniambia zamani zile?" alimwuliza kwanza.

"Niliogopa. Ningesema nimelipata kwa anayepiga deki, wasomi wangecheka."

"Kumbe ulinikinga nisichekwe. Ahsante sana."

Marehemu akainamisha kichwa, akasoma. Alipofika penye sentensi kwamba miguu ile ilisimama kwa huruma, Mama Ndoo akainua mkono.

"Hapo umeharibu."

"Nimeharibu wapi?"

"Huruma nilisema lini mimi? Huruma hata paka anaonewa. Siku ile ya mvua ulinihurumia? Hukunihurumia. Uliona mtu yuko kazini, ukasimama. Ile ni adabu. Bwana alisimama kwa adabu. Ungeniuliza, ningekwambia."

Marehemu alifuta neno lile palepale kwa kalamu nyekundu. Alizoea kusema kwamba alikwenda kuomba radhi kwa kuiba, akakuta kumbe hata alichoiba alikibeba vibaya. Kazi zake zote za baadaye zilitoka katika sahihisho hilo. Aliacha kuandika habari za wanawake wa kuhurumiwa, akaandika habari za wanawake wa kuheshimiwa.

Mama Ndoo aliridhia kwa sharti moja, kwamba aje darasani aseme mwenyewe. Kuanzia Jumatano, tarehe 13 Januari 1999, hadi marehemu alipostaafu Novemba 2009, walifundisha wawili, saa nne asubuhi, mmoja akiwa na kofia ya usafi kichwani. Aliyotabiri Mkuu yalitimia kiasi. Mwinjilisti mmoja aliandika katika gazeti la kanisa kwamba hata wazo moja walilonalo, hawa akina mama wameliomba kwa mfagizi. Marehemu alilikata gazeti, akalibandika kwenye mlango wa ofisi yake, akaandika chini yake: "Kweli, isipokuwa hatukuomba." Mabinti hawakufungiwa mlango. Mwaka aliostaafu darasa lilikuwa na wanawake kumi na tisa.

Ni katika miaka hiyo alipopata jina la Mama Tanbihi, kwa vile alidai kila neno la kuazima liwe na maelezo chini ya ukurasa, limetoka kwa nani. Pembeni mwa kazi za wanafunzi aliandika, "Nani amekuambia?" Wao wakaanza kuamkiana, "Hujambo?" "Sijambo, kwa mujibu wa mama yangu." Alisikia, akacheka mpaka akakaa chini.

Septemba 2017 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Daktari aliona moyo umetanuka. Alilazwa mara tano, na mara ya mwisho ni tarehe 28 Mei mwaka huu, 2019. Jumatano, tarehe 12 Juni, Mama Ndoo alikuja wodini. Alitazama sakafu kabla ya kutazama mgonjwa.

"Hii deki nani kapiga? Kona zote wameziruka."

Marehemu alitabasamu, kisha akamwuliza lile ambalo miaka yote hakuthubutu kuliuliza. "Dada, ulinisamehe?"

"Mwalimu na usomi wote huo! Miaka kumi na moja nilikuwa nakuja darasani kwako kila Jumatano. Ulidhani nakuja kufuta ubao?"

Alilala usingizi mzuri siku hiyo. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, saa tisa na dakika kumi alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi kumi na siku tano.

Katika maagizo yake aliomba neno la mazishi litolewe na Mama Ndoo. Mchungaji, kwa haki, alifika nyumbani kueleza kwamba utaratibu hauruhusu asiyewekewa mikono kuhubiri kaburini. Fundi saa alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mchungaji, mke wangu alimnyamazisha huyo mama miaka kumi na mitano. Wewe mpe dakika kumi na tano." Mchungaji aliomba kalamu, akaibadili ratiba kwa mkono wake.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni mkunga, mwana ambaye ni fundi umeme, wakwe wawili, wajukuu wanne, kaka mmoja, mdogo wake wa kike anayeusoma wasifu huu, na mwandishi mwenzake, aliyeketi mstari wa mbele mwenye kitambaa cheupe. Baada ya hapa atasimama yeye. Atakayoyasema ni yake. Atakayeyarudia popote, amtaje.

Bwana amlaze mahali pema, Mama Tanbihi wetu, na apumzike.