Ukurasa wa Kwanza wa Daftari: Maisha ya Muuguzi Josaphat Vahwere (1961–2025)

Josaphat Vahwere alizaliwa Lubero tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa mzee Paluku, fundi wa matofali, na mama Kanyere.

Baada ya shule ya msingi alisomea uuguzi Boga, akapata diploma Julai 1984. Wenzake wa bweni walimcheka kwa kuwa alikunja shuka lake, akalikunjua, akalikunja tena ili kuhakikisha.

Alianza kazi Nia-Nia. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Léontine, mwalimu wa Kifaransa, ambaye alikuwa amemkataa mara mbili. Mwaka 2004 familia ilihamia Bunia, naye akawa titulaire, yaani mkuu, wa kituo kidogo cha afya katika komini ya Mbunya.

Wapo waliomshauri mjane wake aiondoe aya hii. Tarehe 11 Aprili 2016 watoto wawili walioitwa Kahindo walikuwa wakisubiri kituoni. Ni jina ambalo kwetu Wanande hupewa msichana anayezaliwa baada ya kaka zake, na kila mtaa unao wengi. Josaphat aliita jina hilo mara moja tu. Madeleine, mama aliyekuwa karibu na mlango, akaingia na binti yake. Sindano ya penisilini aliyomdunga ilikuwa ya mtoto yule mwingine. Mwili wa binti wa Madeleine, mwenye miaka minne, ulikuwa unakataa dawa hiyo, na kadi yake ilisema hivyo. Alikufa kabla ya saa sita mchana.

Imesemwa mjini kwamba alikuwa amelewa. Josaphat hakuwahi kunywa pombe. Watu walikuwa wengi, akafanya haraka, na kadi hakuisoma. Mwenzake Bibiane alimwambia, "Andika malaria, titulaire. Nani atajua?" Akajibu, "Malaria haikuua huyu mutoto. Ni miye." Alikwenda kwa Madeleine kwa miguu, akamwambia mwenyewe, kisha akanunua daftari na kuyaandika yote kwenye ukurasa wa kwanza.

Alisimamishwa kazi miezi mitatu. Aliporudi, kila muuguzi aliandika katika daftari hilo kosa alilofanya au alilonusurika kulifanya, na hakuna aliyeadhibiwa kwa kuandika. Kila Jumatatu walilisoma pamoja. Hakuna sindano iliyotolewa kabla ya mzazi kutaja jina la mtoto, jina la mama na mtaa, na kadi kusomwa kwa sauti. Akina mama walimtania: "Weye muzee, jana tu uliniuliza. Umesahau bibi yako pia?" Naye alijibu, "Jina ya mama?"

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kila Jumapili baada ya ibada alitoa viti vinne uani, kama zamani wageni walipokuwa wakija. Kwa miaka minane baada ya kifo cha mtoto yule viti hivyo vilirudishwa ndani jioni bila kukaliwa. Hakulalamika. Alivifuta vumbi, akala na mke wake.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024. Alipolazwa, Yves, muuguzi aliyefundishwa naye, alisimama kando ya kitanda na sindano mkononi.

"Muzee, jina?"

"Yves, weye unanijua."

"Jina ya mama?"

"Kanyere," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Sasa soma kadi."

Alifariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa peke yake pamoja naye.

Ameacha mjane, Léontine; watoto watatu, Prudence, Claude na Annie; wajukuu watano; mdogo wake Gaspard, anayesoma maneno haya; na madaftari manne, yote yakiwa bado kituoni.

Mjane ameomba viti vile vinne viletwe kaburini. Kimoja ni cha Madeleine, ambaye amepelekewa habari. Asipokuja, tunaomba mtu yeyote asikikalie.

Josaphat, kazi umeihakikisha. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana.