Jibu la Babu Lililokuwa Kwenye Kanda

PROFESA: Haloo? Nani mwenzangu?

BIBI: Bibi yako. Simu ya jirani hii, salio lake la kuonja tu.

PROFESA: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mke mwenzangu. Mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?

PROFESA: Niko mlangoni mwa ukumbi, nimeshavaa joho. Wananisubiri nitoe mhadhara wa kupokea uprofesa. Kwa hiyo, bibi, tungeongea—

BIBI: Hongera. Sikawii. Mwezi wa tatu huu tangu tumzike babu yako, nami nakuomba kitu kimoja. Zile kanda ulizomrekodi ulipokuwa unasomea udaktari wako ule wa mashine za kuongea. Kila nikikupigia, kesho, kesho.

PROFESA: (mlango unafungwa)

BIBI: Haloo? Umepotea?

PROFESA: Nipo.

BIBI: Siku ile ya kurekodi alinitega kitendawili: "Ninacho tangu nikuone, nakupa kila siku, na hakipungui." Nikasema salamu, akakataa. Nikasema mapenzi, akacheka, eti hayo ya vijana. Akanitoa nje, akakwambia wewe jibu mbele ya kinasa sauti. Akasema, "Nikitangulia, utalisikia humo."

PROFESA: Bibi—

BIBI: Basi niwekee. Hata hapo simuni.

PROFESA: Sauti yake ipo. Kompyuta yangu inaongea kwa sauti yake, naweza kuifanya iseme cho—

BIBI: Nataka aliyoyasema yeye.

PROFESA: Nilizikatakata, bibi. (mikwaruzo) Ukitaka mashine ijue kuongea, unachana maneno: ba peke yake, ka peke yake. Vipande elfu tisa. Nafasi kwenye kompyuta ilikuwa finyu, na kanda zenyewe za kuazima chuoni. Nikarekodi watu wengine juu yake.

BIBI: Juu yake.

PROFESA: Nilidhani vipande vinatosha. Ndivyo vilivyonipa udaktari. Na hili joho.

BIBI: Haya, si kitu. Niambie wewe. Mlikaa goti kwa goti humo chumbani.

PROFESA: Nilikuwa natazama mshale wa sauti, usivuke alama nyekundu. Sikumsikiliza, bibi.

BIBI: Kumbe alisema, na hakuna aliyesikia.

PROFESA: Nimeshindwa. Nakupa mji.

BIBI: Mji nikakae na nani?

PROFESA: Siingii tena humo ukumbini. Nakuja huko.

BIBI: Ingia. Watu hawasubirishwi. Kola imekaa sawa? Wewe tangu utotoni kola yako hulala upande.

PROFESA: Imekaa.

BIBI: Na hiyo mashine... (mikwaruzo) ...inaweza kuniita? Vile alivyokuwa akiniita akitoka kazini?

PROFESA: Inaweza. Sasa hivi, bibi, subiri niifungue—

BIBI: La. Usiiwashe, mwanangu. Nitaitika, halafu nitainuka kwenda kumfungulia mla—

PROFESA: Bibi? Haloo? (mlio wa simu iliyokatika) Bibi?