Nani Anageuza Upanga wa Baba Nasser?

Hebu wazia ukuta mweupe katika mtaa mmoja wa Al Rayyan, huko Qatar, na chini ya ukuta huo ubao mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa saruji. Pembeni kuna mkahawa mdogo wa Mmalabari, Mhindi wa kusini, anayeuza chai ya karak kupitia dirishani. Ni Ijumaa ya Januari, watu wameshatoka msikitini, na jua halichomi. Miaka ile walikuwa bado wanachimba reli ya chini ya ardhi, kwa hiyo mara kwa mara mtaa mzima ulinguruma kama tumbo la mtu aliyekosa chakula cha mchana. Ubaoni wameketi wanaume watatu. Wa katikati, mwenye chai asiyoinywa, ni Vuai wa Makunduchi, mtumishi wa nyumba ya jirani, ambaye kijiweni wanamwita Sheha kwa sababu hapendi kitu kikae ovyo. Kulia kwake yuko Gerishon wa Nakuru, mlinzi wa duka kubwa, aitwaye Komando ingawa silaha pekee aliyowahi kukabidhiwa ni tochi. Kushoto yuko Idrisa wa Tanga, dereva wa teksi. Huyo ni Satelaiti. Hakuna habari isiyopita kwake, na hakuna inayotoka kama ilivyoingia.

Vuai alikuwa amemaliza kueleza shida yake. Wenzake walikuwa wameielewa kila mmoja anavyotaka.

— Rudia, Sheha, alisema Gerishon. Huyo mdosi wako ako na panga ngapi?

— Mbili, bwana! Mara ya tatu hii nakwambia. Baba Nasser anakusanya vitu vya kale vya Kijapani. Mle majlisi, sebule yake ya wageni, mna deraya, vazi la chuma la vitani, imekaa kitini kama mgeni aliyegoma kula. Mna bunduki ya zamani, ile ya kuwashwa kwa utambi. Na panga mbili, kila mmoja na kilazio chake cha mbao.

— Ziko wazi hivyo tu?

— Zimo ndani ya ala. Lakini zimepinda, kwa hiyo unajua makali yako wapi hata bila kuchomoa. Ule mrefu umelala makali chini, kistaarabu. Huu wa pili, Baba anaulaza makali juu.

— Juu! alishtuka Idrisa.

— Juu, wallahi. Mie nikasema, mzee wa watu kasahau. Kwetu kitu cha makali hakilazwi kikitazama mbingu, na wajukuu wake wanakimbizana mle ndani. Basi asubuhi nikifuta vumbi naugeuza, zinakuwa sawasawa zote. Kesho yake naukuta umerudi juu. Naugeuza. Unarudi. Naugeuza.

— Kwa muda gani?

— Tangu mwezi uliopita.

Jambo lililomtoa jasho Vuai lilikuwa simu ya asubuhi ile. Baba Nasser alikuwa amekwenda kumchukua mgeni hotelini, mtaalamu kutoka Japani aliyekuja kuziangalia silaha zake na kumwambia zipi ni za kale kweli. Akiwa njiani alipiga simu. "Vuai, nikirudi baada ya Alasiri nataka kukuuliza jambo kuhusu zile panga. Usiende mbali." Hakusema zaidi. Na alisema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hupaza sauti hata akiomba chumvi.

— Hiyo ni kanseli ya viza, alisema Vuai. Ananikatia tiketi. Nyumba yangu Makunduchi ndiyo kwanza imefika kwenye linta.

— Usiungame, alisema Idrisa papo hapo. Sikiliza nikuambie, mwana. Huo upanga una mwenyewe.

— Mwenyewe ni Baba Nasser.

— Simaanishi huyo. Upanga wa kale umeshakunywa damu, haulali unavyolazwa. Unajigeuza wenyewe usiku. Mwambie Baba hivyo. Ni mtu wa dini, ataelewa.

— Lakini Satelaiti, mie ndiye ninayeugeuza!

— Una uhakika gani?

— Kwa mikono yangu hii!

— Na mikono yako anaiendesha nani? Yule shujaa wa kwenye kiti. Anakungoja ushike kitambaa, anaingia.

Vuai alimtazama, akafumba macho, akayafumbua. Idrisa alikuwa bado yupo.

— Wacha ushirikina, budaa, alidakia Gerishon. Hii kitu ni sayansi. Mnaskia hiyo?

Chini yao ardhi ilinguruma. Chai ikatikisika vikombeni.

— Hiyo ni metro. Ardhi ikitetemeka, kitu kimepinda lazima kigeuze mgongo chini. Ngoja niwaonyeshe.

Alikwenda dirishani, akarudi na ndizi. Akaisimamisha ubaoni, mgongo juu kama nyusi ya mtu aliyeshangaa, kisha akaupiga ubao ngumi. Ndizi ilianguka ubavu. Kikombe cha Vuai kilianguka pia, na karak yote ikamwagikia kanzu yake nyeupe.

— Mmeona? alisema Gerishon.

— Nimeona! Umenichafulia kanzu ya Ijumaa!

— Hapana, ndizi. Imegeuka.

— Imelala ubavu, Komando.

— Hiyo ni kwa sababu ni ndizi. Panga ni nzito.

Vuai alijipangusa kwa karatasi moja ya Mmalabari, ambayo ilikuwa nyembamba kuliko subira yake. Akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati lililonasa kichwani.

— Jamani. Sitaki kujua nani anaugeuza. Ninamjua. Nataka mnisaidie niseme nini.

— Kwanza tujue kwa nini mzee analaza makali juu, alisema Gerishon. Mimi ni mtu wa ulinzi, najua. Hiyo ni mtego. Mwizi akipapasa gizani, anakatwa vidole.

— Ndani ya ala?

— Mwizi hajui kama iko ndani ya ala.

— Ala ndiyo itakayomzuia asikatwe!

— Sasa unabishana na security?

— Si mtego, alisema Idrisa. Makali yanapumua. Chuma cha Kijapani kinataka hewa ya juu, ya chini ina vumbi. Nilimbeba Mjapani mmoja kutoka uwanja wa ndege, akanieleza mwanzo mpaka mwisho.

— Mjapani?

— Alikuwa Mfilipino, ila aliijua Japani vizuri sana.

— Satelaiti!

— Nisikilize. Dawa ni moja. Kimbia sasa hivi, huo upanga uviringishe kwenye zulia. Baba akiuliza, sema zulia limekwenda dobi.

— Na upanga?

— Umekwenda nalo.

— Hapana, hapana, alisema Gerishon. Geuza zote mbili juu. Halafu bunduki itazame ukuta. Ile deraya ipe mgongo. Mtaalamu akiingia, achanganyikiwe, aseme vitu ni feki. Mzee atamkasirikia yeye. Wewe uko sawa!

Vuai alisimama. Yeye si mtu wa kupiga kelele, na sauti ilipomtoka hata Mmalabari alichungulia dirishani.

— Nimekuja hapa na tatizo moja! Sasa ninayo matano, na chai nguoni! Mnadhani huu mchezo? Mtu anarudishwa kwao!

Dirishani alikuwa amesimama msichana akingojea chai yake. Jina lake Phoebe, mtu wa Bungoma, yaya katika nyumba ya kona, na alikuwa bado mgeni kiasi kwamba kwenye milango ya maduka alivuta palipoandikwa sukuma.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Sikuwa nasikiliza, ni nyinyi mnaongea kwa nguvu. Naweza kuuliza kitu?

— Uliza, dada, alisema Vuai kwa uchovu. Wewe tu ndiye hujasema.

— Huo upanga mrefu, wenye kulala makali chini. Mzee hajawahi kuugeuza?

— Hajawahi.

— Na huu wa pili kila siku anaurudisha juu?

— Kila siku.

— Basi hasahau. Sasa ulipomuuliza sababu, alisema nini?

Gerishon aliitazama ndizi yake. Idrisa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kile kianzishwe, aliufunga bila kusema kitu. Phoebe akawatazama mmoja baada ya mwingine, akidhani pengine Kiswahili chake kimemtoka vibaya.

— Mlimuuliza, si ndio?

Adhana ya Alasiri ikaanza. Vuai alikwenda kuswali, na kutoka msikitini akaenda moja kwa moja nyumbani, na doa lake kifuani.

Mgeni wa Kijapani alikuwa tayari majlisi, amepiga magoti mbele ya deraya, anaitazama bila kuigusa. Baba Nasser alimwona Vuai mlangoni, akainuka, akamshika mkono, akamtoa nje barazani. Alifunga mlango nyuma yao.

— Vuai, nataka kukuuliza, na unijibu kweli.

— Baba, ni mimi, alisema Vuai, kwa sababu alijua akingoja hataweza. Ni mimi ninayeugeuza ule upanga. Nilidhani umesahau kuulaza sawa. Sikukuuliza. Nisamehe. Kwani kwa nini huu unatazama juu?

Mzee alishuka polepole, akakaa kwenye ngazi kama alivyo, na joho lake la kupokelea wageni.

— Ni wewe?

— Ni mimi.

— Kila siku?

— Kila siku, Baba.

Baba Nasser alijifunika uso kwa viganja. Vuai alisimama akingojea neno la kumrudisha kwao. Viganja viliposhuka, macho ya mzee yalikuwa na maji, naye alikuwa anacheka.

— Unajua nilitaka kukuuliza nini? Kama umeona nimebadilika. Usiku naulaza upanga makali juu, nakumbuka kabisa. Mchana naukuta chini. Nikasema, basi, akili zimeanza kuniacha. Marehemu baba yangu alianza hivihivi, na vitu vidogovidogo, na mwisho hakulijua jina langu. Nimeshaomba miadi kwa daktari. Hata mama wa watoto sijamwambia.

Vuai aliketi naye kwenye ngazi. Walikaa hivyo mpaka mgeni alipokohoa ndani.

Kisha mzee alimwongoza hadi kwenye panga na kumwonyesha, bila haraka. Ule mrefu wapanda farasi waliuning'iniza kiunoni kwa kamba, makali yakitazama ardhi. Huu wa pili ulichomekwa katika mshipi, makali juu, ili mkono uuchomoe na kukata kwa pigo lilelile moja. Kila mmoja hulazwa kama ulivyovaliwa na mwenyewe, na anayejua panga huanza kuzitambua hapo. Mgeni alitikisa kichwa kukubali. Vuai aliushika huu wa pili kwa mikono miwili, akaugeuza makali juu kwa mara ya mwisho, na safari hii mzee alikuwa anamtazama, anatabasamu.

Nawe uliyenisikiliza hadi hapa, mambo ya mshipi na kamba yasahau ukipenda. Kumbuka hili moja tu, tafadhali: ukikuta kitu cha mwenzio kimelala usivyozoea, muulize kwanza. Hujui naye usiku anajiuliza nini.