Bomba Lisilo na Mwenyewe

Benchi liko kati ya kibanda cha fundi viatu na bomba la mtaa, ambalo halijatoa tone tangu greda la barabara lilipokata mpira wa maji ardhini. Muuza kahawa, waliyempachika jina la Birika, siku hiyo alifika mwili tu. Roho ilikuwa zahanati, kwenye hema la kipindupindu, alikolazwa mjukuu wake tangu jana na dripu mkononi. Mkwewe ndiye aliyemfukuza: nenda baba, kuikodolea macho dripu hakuiongezei kasi. Basi akaja, akamimina, na wenzake wakaanza.

FUNDI VIATU: Mheshimiwa mbunge kaleta mahema, kaleta ngoma, kaleta wapiga picha. Bomba tumelililia wee, hakuleta hata spana.

KIPAZA (mpiga debe wa kampeni, wa chama chochote kinacholipa): Ulitaka akate utepe wa nini? Wa ugonjwa ambao haujatokea? Picha hiyo inapigwaje?

PROFESA (mwalimu mstaafu): Tatizo ni mfumo. Watu wa maji wanasema mpira kakata mtu wa barabara. Wa barabara wanasema kaulizeni halmashauri. Halmashauri inasema hayo ni ya afya. Afya wanasema wao wanatibu, hawachimbi.

FUNDI VIATU: Na sisi?

PROFESA: Sisi tunaharisha. Kila idara na kazi yake.

Wakacheka, kile kicheko cha watu waliochoka hata kukasirika. Birika hakucheka.

KIPAZA: Nawaambieni, hii ni adhabu. Tulimnyima kura. Greda lile halikupotea njia, lilitumwa.

FUNDI VIATU: Acha zako! Mtaa wa pili walimpa kura zote, mbona nao hawaogi? Mimi namshuku mwenye mahema. Kipindupindu kikiisha, atamkodishia nani?

PROFESA: Ukiutazama mfumo mzima, hata nzi wanalipwa posho ya kikao.

KIPAZA: Nzi wa chama gani?

BIRIKA: Jamani, basi. Mjukuu wangu yuko ndani ya hema hilo.

Kisha Fundi Viatu akanyoosha kikombe aongezewe.

Hapo akafika mwanamke mmoja, mgeni kijiweni, macho mekundu kwa kukesha. Alikuwa amemlaza mumewe hema lile lile. Akaomba kahawa. Alipopewa kikombe akakiinamisha kwanza, maji yakamdondokea kiganjani.

— Shikamoo, baba. Bomba si halitoi? Vikombe mnasuuza kwa maji gani?

Profesa akatazama viatu vyake. Birika akaitazama ndoo iliyokuwa miguuni pake. Maji ya kahawa aliyachemsha mpaka yakaruka, ila ya kusuuzia aliyachota kisimani, kule mfereji wa maji machafu unakofurikia. Mkaa wa kuyachemsha yote angeutoa wapi? Na juzi mjukuu alipomganda akitaka kuonja kahawa, alichukua kikombe, akakisuuza vizuri kabisa, mara mbili, kwa mapenzi yake yote, ndipo akampa.

Akanyoosha mkono, akakitoa kikombe taratibu mkononi mwa yule mwanamke.

— Usinywe, mwanangu.

Mmoja mmoja wakaweka vikombe vyao chini.