Joto la Ndoo

Benchi letu liko nyuma ya kiwanda cha barafu, hatua mia mbili kutoka majini. Kila asubuhi Baharia, mzee aliyestaafu melini, huchota ndoo ya maji ya bahari, huileta kijiweni, na akishamaliza kahawa yake huzamisha kipimajoto na kuandika daftarini. Watu wa utafiti walimpa kazi hiyo, na wakulima wa mwani humfuata kumuuliza. Mimi nashona viatu hapo hapo. Tulilijivunia daftari lile kupita kiasi.

— Thelathini na tatu! — akasema Baharia. — Mwezi wa pili huu joto halishuki.

— Upepo umelegea, — akasema Redio, kinyozi asiyepitwa na habari. — Ulikuwa unasukuma maji ya moto yaende ng'ambo. Sasa yanaturudia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone wapi, na tunachemka! — Fundi Gesi, mchomeleaji wa mageti, akaweka kikombe chini. — Ni mkondo wa chini huo. Maji ya baridi yalikuwa yanapanda kutoka kilindini. Yamechoka kupanda.

— Maji yanachoka?

— We ukipanda ngazi huchoki? Mimi nawaambia kuna kitu kimeziba huko chini. Siku kikizibuka tutavaa masweta. Haba na haba hujaza kibaba.

Bado tunacheka, akaja Mama Pacha, anayelima mwani pale maji yanapoishia magotini. Mikono yake ilikuwa mikavu, na msimu huu haikupaswa kuwa mikavu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, mwezi uliopita uliniambia bahari ina thelathini na tatu. Nikang'oa mwani wote nikijua utaoza, hata wa mbegu sikubakisha. Wifi yangu hakung'oa. Jana kavuna.

— Bahati yake tu, — akasema Redio.

— Kamba zetu zinapakana, kaka. Maji ni yale yale.

Baharia akafungua daftari amwonyeshe. Mama Pacha hakulitazama. Alikuwa anaitazama ndoo, pale juani inapokaa siku zote.

— Hii umeichota saa ngapi, baba?

— Saa moja.

— Na sasa hivi?

Ilikuwa saa nne kasorobo. Na katika porojo zilizochelewesha kahawa ya Baharia asubuhi ile, ndefu kuliko zote zilikuwa zangu.

Baharia akachukua kipimajoto, akashuka majini na suruali yake. Tukamfuata wote, vikombe tukaviacha.

— Ishirini na nane, — akasema. — Nisamehe, mwanangu. Nimekuumiza.

Mama Pacha hakumtukana. Afadhali angemtukana.

— Na siku ile niliyong'oa, bahari ilikuwa na ngapi?

Baharia akapekua daftari, miaka miwili ya tarehe na digrii, mpaka akaiona siku yenyewe. Akaweka kidole pale palipoandikwa joto la ndoo, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akalifunga.